Wajibu Kushoto, Haki Kulia

Bosire tumemzika Nyaramba juzi, na mimi nilikwenda. Wenzangu wa sokoni Keumbu walishangaa kuona nimefunga kibanda changu cha ndizi siku ya soko, siku ambayo hata mvua ya mawe hainiondoi, wakaniuliza marehemu ni nani wangu. Nikawaambia ni mtu tuliyesoma naye. Pole sana mzee, wakasema, nami nikaipokea pole yao, maana ningeanzia wapi kuwaeleza? Sikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha. Nilitaka kuona kwa macho yangu sanduku likishuka na udongo ukimwagwa, na lile swali nililoishi nalo tangu ujana likifukiwa pamoja na mtu wa pekee aliyekuwa na jibu lake. Kwa nini ulisema hukuwapo? Hilo tu. Maishani nilikutana naye mara nyingi, stendi ya Kisii, kwenye harusi za watu, hata kwenye foleni ya hospitali, na kila mara tulisalimiana kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia mimi huuweka mfukoni mwa koti. Nilikuwa nangoja aseme. Yeye aliniuliza habari za mvua, na kama ndizi zinanunuliwa, kisha akaaga.

Habari za kwetu, za baba na mashamba na ndugu, sitazigusa. Hazina hatia katika jambo hili. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa mwanafunzi wa useremala katika chuo cha ufundi cha kanisa, kwenye mteremko ulio chini ya njia ya Sironga. Chuo hicho hakipo tena, na waliokiendesha wamekwisha kufa, kwa hiyo jina lake nitaliacha lipumzike. Kilikuwa na karakana moja ndefu yenye paa la mabati, bweni la matofali tuliyoyachoma wenyewe, bwalo la chakula, na ofisi ya Mkuu ambayo sakafu yake tuliipiga nta kila Alhamisi. Karakana ilinukia mkaratusi mbichi na gundi inayochemka. Hata leo nikipita penye maduka ya vitanda pale Kisii mjini, harufu hiyo hunilazimisha kuvuka barabara. Vijana wanaouza vitanda hunifikiria mzee mkali. Si mkali. Nimechoka tu.

Tulikuwa wavulana tuliofeli kuingia sekondari, au tuliofaulu na nyumbani hakuna cha kutupeleka, na chuo kile kilitupa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kutupa: neno fundi. Mtu akimaliza anaketi mtihani wa serikali, anapewa gredi, anarudi kwao na sanduku la zana, na wazee wanaomwita kijana wanaanza kumwita fundi. Mimi nililitaka neno hilo kuliko nilivyotaka mke. Bosire naye alilitaka. Tulilala kitanda kimoja cha chini, miguu yake kichwani kwangu, na usiku wa baridi tulikuwa tukitandika blanketi lake juu ya langu. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi uliopikwa na mama mmoja mkali asiyeruhusu mtu kukaribia sufuria, mchana maharagwe, jioni ugali na sukuma. Aliyepata chakula kutoka kwao alikula na rafiki yake mmoja, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu isiyoandikwa. Rafiki yangu huyo mmoja alikuwa Bosire. Alikuwa kijana mkimya, tena mkimya wa kukera. Ukimwambia jambo la kuchekesha anatabasamu na kuendelea kupiga randa.

Sheria zilizoandikwa zilikuwa kwenye kibao. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa Taita, mtu wa haki kwa jinsi alivyoielewa, na Kiswahili chake kilitufanya sisi tuone haya kufungua midomo. Alitaka kila mwanafunzi ajue wajibu wake na haki zake, akatuagiza mimi na Bosire tutengeneze kibao kikubwa cha kutundikwa bwaloni. Mimi nilitengeneza fremu, Bosire akaandika, maana alikuwa na mwandiko wa kuchonga. Kushoto aliandika WAJIBU, kulia HAKI. Wajibu ulijaa kutoka juu hadi chini: mwanafunzi ataamka kengele ikilia, atatunza zana, hatamjibu mkubwa wake kwa jeuri, hatawasha mashine pasipo mwalimu kuwapo, hatafanya kazi Sabato ikishaingia, na kadhalika na kadhalika, hadi herufi zikawa zinabanana. Upande wa kulia zilikuwa haki tatu. Mwanafunzi ana haki ya kufundishwa. Mwanafunzi ana haki ya kula. Mwanafunzi ana haki ya kusikilizwa, yeye na shahidi wake, kabla ya kufukuzwa. Chini yake ikabaki nafasi tupu, kubwa, mbaya kutazama. Mkuu akasema tuijaze kwa pambo lolote, na Bosire akachora randa, nzuri mno, na maranda yakitoka mdomoni mwake. Kila Jumatatu Mkuu alitusimamisha mbele ya kibao na kutusomesha kwa sauti, na tulipofika haki ya tatu alikuwa akiinua kidole na kusema, "Hii hata Nairobi hawana." Tuliamini. Mimi niliamini kabisa.

Mwalimu wetu wa useremala aliitwa Nyariki. Kwa ukoo alikuwa baba wa Bosire. Si baba aliyemzaa, ila alitoka kizazi kimoja na baba yake, ukoo mmoja, na kwetu Gusii huyo ni baba yako sawasawa, unamwita tata. Yeye ndiye aliyemtafutia Bosire nafasi chuoni. Na baina ya baba na mwana wa namna hiyo kuna chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu, ambayo mtu asiyezaliwa kwetu huiona upuuzi. Mwana haketi kitandani pa baba yake. Hasemi mbele yake maneno ya wanaume na wanawake. Na utupu wa baba yake hauoni, akiuona hautaji, maana kuutaja ni kuuona mara ya pili mbele ya watu. Jumapili tulikuwa tukioga mtoni, na Mwalimu Nyariki akitaka kushuka kuoga alikohoa kwa nguvu akiwa bado juu kwenye migomba. Sisi wengine tulisogea tu. Bosire alikuwa anaokota nguo zake, povu la sabuni likiwa bado masikioni, na kupanda mlima mbio huku tukimcheka. "Wewe Bosire, babako ni chui?" tulimwuliza. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimfungua mdomo, bibi yake mzaa baba, aliyekuja siku moja moja na chungu cha chinsaga, mboga za majani za kwetu, kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa anamwita Bosire mume wangu, anamuuliza kwa nini amemtelekeza, na Bosire yule yule mkimya alikuwa anamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Babu na mjukuu, bibi na mjukuu, hao hawana chinsoni. Lolote linasemwa, na linasemwa kwa kicheko.

Nyariki alikuwa fundi hodari, tusimnyime lake. Aliweza kushika ubao, akaupitisha kiganja na kukuambia utapindia wapi ukikauka. Lakini alikuwa anakunywa. Katika chuo cha kanisa, mlevi anapaswa kuwa na akili kuliko watu wengine, naye alikuwa nayo. Alitafuna majani ya mpera kabla ya maombi na alisimama mbali na Mkuu wakati wa kuzungumza. Sisi tulijua. Mama wa jikoni alijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu kushoto kwa kibao iliandikwa kwamba mwanafunzi hatamsengenya mwalimu, na kulia hakukuandikwa kitu.

Ijumaa ile ilikuwa ya jua kali baada ya mvua, ardhi ikitoa mvuke. Kuna mfanyabiashara wa Keumbu aliyekuwa anajenga duka, na mbao zake zilitakiwa ziwe tayari kabla ya Sabato, yaani kabla jua halijatua, kwa sababu baada ya hapo hakuna msumeno unaogusa ubao mpaka kesho yake jioni. Wenzetu walikuwa wamekwisha kwenda kufua na kupiga pasi. Mwalimu Nyariki alitubakiza mimi na Bosire kwenye msumeno wa mviringo, ambao sisi tuliuita mashine tu. Mbao zilikuwa nene, na kile kifuniko cha chuma kinachozuia mikono isifike kwenye meno kilikuwa kinazikwaza.

"Mwalimu, hii kifuniko inashika mbao," nilimwambia.

"Toa hicho kitu," akasema, na akakitoa mwenyewe, akakiweka dirishani. Majani ya mpera niliyanusa kutoka nilipokuwa nimesimama. "Makori, wewe sukuma. Bosire, vuta upande ule. Musilale! Mimi niko hapa hapa."

Mimi niko hapa hapa. Akatoka kwa mlango wa nyuma, kule tulikokuwa tukipanga magogo. Tulikata mbao kadhaa vizuri, mimi nikisukuma na Bosire akivuta, na nakumbuka nilikuwa na furaha, afadhali niseme hivyo. Jua la jioni lilikuwa linaingia kupitia vumbi la mbao na nilijiona fundi tayari. Kisha ubao mmoja ukabana. Meno yakaanza kulia na kutoa moshi. Bosire akapiga kelele juu ya mlio wa injini, "Ngoja, nimwite tata!" akatoka kwa mlango ule ule wa nyuma. Nikangoja. Nikangoja tena. Mashine hiyo kuizima ilihitaji ufunguo aliokuwa nao mwalimu, na kengele ya Sabato ilikuwa karibu kupigwa. Ubao ule, upande ambao Bosire alikuwa ameuachia, ukaanza kuinama kwa uzito wake. Nikanyoosha mkono wa kulia kuuinua.

Sitasimulia zaidi ya hapo. Walionikuta ni wavulana waliokuwa wanarudi kutoka mtoni na ndoo zao, na walinikuta peke yangu, mashine inazunguka, kifuniko kiko dirishani, mwalimu hayupo, rafiki hayupo. Gari la chuo lilinipeleka hospitali ya misheni huku kengele ikilia nyuma yetu. Vidole vitatu havikurudi.

Hospitalini kulikuwa na wodi ya wanaume, kuta za rangi ya maziwa yaliyochacha, na sahani za bati zilizoletwa na ugali umekauka juu. Siku moja mchana nilikuwa nimefumba macho, dawa ikinilevya, nikawasikia Mkuu na Mwalimu Nyariki wamesimama miguuni pa kitanda. Mkuu aliuliza nilikuwa na nani. "Peke yake," alisema Nyariki. "Mimi nilifunga mapema nikaenda kujitayarisha kwa Sabato." Mkuu akauliza juu ya kifuniko. "Vijana hawa, Mkuu, ukigeuza kichwa tu." Mgonjwa mmoja alikohoa, kisha Mkuu akasema wavulana wanasema Bosire alikuwa pamoja nami. Nikakaza masikio. "Bosire ni mtoto wangu," alisema Nyariki. "Muulize. Muulize mbele yangu." Nilikuwa mjinga kiasi gani! Nilipolala pale moyo wangu ulifurahi. Nilijiambia, naam, muulizeni, muulizeni mbele ya yeyote mnayemtaka.

Niliitwa ofisini mkono ukiwa bado kwenye kitambaa cha kuufunga shingoni. Meza ya Mkuu ilikuwa na chai na mkate uliopakwa siagi, kwa ajili ya mzee wa kanisa aliyekuwa amekuja kutoka Nyamira kukaa kwenye shauri. Mwalimu Nyariki aliketi kando ya dirisha na shati lake la kanisani. Mkuu, Mungu amrehemu, alianza kwa kusoma haki ya tatu kwa ile sauti yake ya Jumatatu. "Tutafuata kibao," alisema. "Hapa hapafukuzwi mtu kienyeji." Nikaeleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa. Nikasema shahidi wangu ni Bosire, alikuwa anavuta upande wa pili, alitoka kwenda kumwita mwalimu. Mkuu akaandika, akatikisa kichwa kwa heshima, akaagiza Bosire aitwe.

Bosire akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Mkuu akamwambia asogee katikati aonekane, akasogea hatua chache, uso ameuelekeza ukutani, kisogo chake kikiwa upande wa dirisha alipoketi Nyariki. Mkuu alidhani ni utovu wa adabu. "Kijana, tazama watu unaozungumza nao. Ijumaa jioni ulikuwa kwenye mashine pamoja na Makori?" Nyariki alikohoa, kikohozi kile kile cha mtoni. Hapo mzee wa kanisa akaweka kikombe chini, akamwuliza Bosire kwa Ekegusii, taratibu, kana kwamba anamuuliza mtoto mgonjwa, "Mwalimu Nyariki ni nani kwako?"

"Ni tata," alisema Bosire.

Mzee akamtazama Bosire, akamtazama Nyariki, kisha akachukua kikombe chake tena. "Mimi sina swali," akasema.

"Mimi ninalo," alisema Mkuu, ambaye hakuelewa nini kimepita mbele yake na hakuna mtu aliyejali kumweleza. "Ulikuwapo au hukuwapo?"

"Mimi sikuwapo," alisema Bosire.

Nikasimama. Nilisahau mkono, nikaupiga kwenye meza, na maumivu yakanifanya nipige kelele kuliko nilivyotaka. "Bosire! Si wewe ndiye ulikuwa unavuta? Si ulisema unaenda kumwita? Niangalie, Bosire!" Hakuniangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayapangusi. Mkuu akasema keti, kijana, usimtishe shahidi. Kisha akafunga kalamu. "Asiyekuwapo na lake halipo," akasema, kwa huzuni ya kweli, na akanisomea wajibu kuhusu mashine. Kwa hiyo nilifukuzwa kwa haki. Nilisikilizwa, mimi na shahidi wangu, kama ilivyoandikwa kwenye fremu niliyoipiga msasa kwa mikono yangu miwili.

Waliniruhusu kula mara ya mwisho, kwa kuwa haki ya pili ilikuwa bado inanihusu. Maharagwe. Mama wa jikoni alinijazia sahani, na nilikula kwa mkono wa kushoto huku wenzangu wakitazama vyakula vyao. Mbele yangu kilikuwa kile kibao, na ile randa iliyochorwa, na maranda yake. Bosire hakuja bwaloni. Nilipokwenda bwenini kuchukua sanduku langu nilikuta blanketi langu limekunjwa vizuri, na ndani ya sanduku, juu ya nguo, randa yake. Ile ya kweli, aliyoletewa na bibi yake, ambayo hakuwa akimwazima mtu. Nilidhani ananidhihaki. Mtu hana vidole, unampa randa ya nini? Nilipofika darajani niliitupa mtoni kwa mkono wa kushoto, nikaangalia maji yakiifunika.

Miaka iliyofuata haina mengi. Mnyonge hana haki, watu husema, na mimi niliacha kubishana nao. Nilipakia ndizi za watu, baadaye nikauza zangu. Niliishi vizuri kiasi cha kutokufa njaa. Bosire alipata gredi, akawa fundi wa Nyaramba nzima. Milango ya kanisa ni yake, madawati ya shule ni yake, na kila nilipoona kazi yake nilitafuta kasoro kwenye viungo na sikuona. Mwalimu Nyariki alikufa zamani, ini lilimmaliza, na wakasema maneno mazuri juu ya kaburi lake. Mimi nilimchukia Nyariki kidogo tu. Mlevi ni mlevi. Chuki yangu nzima nilimwekea Bosire, nikaitunza, nikaitembelea kama fimbo. Nilikuwa nimekwisha kujipa jibu: aliuza ukweli ili asipoteze nafasi yake. Nilitaka tu alithibitishe kwa kinywa chake.

Basi juzi, baada ya kaburi kufukiwa, tuliketishwa chini ya turubai tukale. Nilijitafutia kiti cha pembeni, karibu na mlango wa karakana yake, ambako mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikingoja mtu asiyekuja. Msichana mmoja akaja na sinia. Alisema anaitwa Kwamboka, ni mjukuu wa marehemu, amelelewa Nakuru ndiyo maana Ekegusii chake kinateguka, na anasomea umeme katika chuo cha ufundi. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini alipojua nilisoma na babu yake akaangaza uso kabisa, akaanza na mimi utani wa wajukuu, akiniita sokoro, yaani babu. "Kumbe wewe pia ni sokoro yangu! Umekuja kunioa? Sokoro wangu amekufa akiniahidi ng'ombe." Nikamwambia sina ng'ombe, nina ndizi. Akacheka, akaketi kwenye gogo kando yangu.

"Aki huyo mzee alikuwa mcheshi," alisema, akipangusa pua.

"Bosire?" Nilidhani sikusikia vizuri. "Bosire alikuwa mcheshi?"

"Kwa watu alikuwa amenyamaza tu. Lakini sisi wajukuu alikuwa anatumaliza! Hata mwezi uliopita, akiwa kitandani, tulimwambia arudie ile ya mwalimu wa chuo. Hakuwahi kukuambia? Ati walikuwa wanakata mbao jioni, mashine ikakwama, akaenda kuita mwalimu. Na mwalimu ni kama babake, unaona? Akazunguka nyuma ya magogo. Sokoro! Akakuta mwalimu amelala, amelewa chakari, suruali iko magotini, kila kitu iko nje." Alijifunika uso kwa kiganja, mabega yakimtikisika. "Na mwalimu akafungua jicho moja, wakaangaliana! Sokoro alisema miguu yake haikumngoja. Alikimbia, akavuka mto, akaingia kwa shamba ya chai ya watu, akainama huko anaomba Mungu amtoe macho. Alitoka huko giza likiwa limeingia. Hebu fikiria, kijana mzima!"

Karibu yetu kulikuwa na wajukuu wengine, nao waliposikia wakaanza kucheka kwa sababu waliijua hadithi yote kwa moyo. Mmoja alikohoa kama mzee, mwingine akajifanya anakimbia ameshika macho.

"Halafu?" nikauliza. "Baadaye ikawaje?"

"Baadaye nini? Inaishia hapo. Tulikuwa tunamuuliza sana, sokoro, halafu? Anasema inaishia hapo. Anaacha kucheka, anaenda kulala."

Nilidhani siku nikipata jibu nitapumua. Uongo mtupu. Nimelipata kutoka kwa msichana mwenye mwiko mkononi, na limeninyang'anya hata kile kidogo nilichokuwa nacho, maana sasa sina wa kumchukia na vidole bado havipo. Angesema alikuwapo, wangemwuliza alikwenda wapi. Angesema alikwenda kumwita mwalimu, wangemwuliza alimkuta wapi, na akiwa namna gani, na mwalimu mwenyewe ameketi pale dirishani na shati la kanisani. Mzee yule wa kanisa alijua kuna kitu, akanywa chai yake. Nimefikiria pia ile nafasi tupu chini ya haki ya tatu. Pangetosha sentensi moja zaidi, kwamba shahidi atasikilizwa pasipo yule anayemtolea ushahidi kuwapo. Mimi, Bosire na Mkuu tulisimama mbele ya nafasi hiyo na hatukujua ni ya nini, tukachora randa.

Kwamboka alikuwa ananitazama. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, nimeukunja, unauma kama siku ile. Mjukuu hana chinsoni, na ningeweza kuutoa pale pale, nikauweka juu ya sinia lake na kumwambia hadithi inaishia hapa. Angeacha kucheka. Wote wangeacha, na Bosire wao wangemzika mara ya pili siku hiyo hiyo.

"Lakini wewe mlikuwa naye chuo moja," alisema, bado anatabasamu, ananiongezea mchuzi. "Niambie ukweli, sokoro. Wewe ulikuwapo siku hiyo?"

"Hapana, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mimi sikuwapo."